Mark X au Crown Athlete? Hesabu ya mnunuzi wa Magamba

Lami ya kutoka Tabora kupitia Sikonge na Koga hadi Mpanda, takriban kilomita 340, imebadilisha mengi mkoani Katavi. Mojawapo ni aina ya gari ambalo mkazi wa Magamba anathubutu kulitamani. Miaka ya nyuma mwenye fedha za mpunga au za dhahabu hakuwa na mengi ya kuchagua: Land Cruiser kuukuu, Hilux ya mzigo, au pikipiki kadhaa za kukodisha. Gari la chini lenye injini kubwa lilikuwa jambo la watu wa Dar es Salaam. Sasa linatoka bandarini, linapiga zaidi ya kilomita 1,100, na linaingia Mpanda bila kubebwa kwenye lori.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Vijiweni, gereji na kwenye makundi ya WhatsApp swali linarudi kila msimu wa mauzo: kati ya Toyota Mark X na Toyota Crown Athlete, lipi la kununua? Mmoja anasema Mark X ni gari la vijana, linakula oili na litakuacha porini. Mwingine anasema Crown ni gari la wazee na mafuta yake hayana mwisho. Wa tatu anasema ni gari lilelile, taa tu ndizo tofauti. Kila mmoja ana ushahidi wa jirani yake. Mnunuzi anabaki na milioni zake mfukoni na kichwa kinachouma.

Wote watatu wamegusa ukweli, ila wanabishana juu ya nembo, na nembo ndiyo sehemu isiyo na uzito mkubwa katika uamuzi huu. Uzito uko kwenye injini iliyo chini ya boneti, umri wa gari mbele ya TRA, na njia litakayopita kila siku.

Asili moja, maduka mawili

Crown ndiyo kubwa kwa umri. Toyota ilianza kuiuza mwaka 1955, na kwa miongo mingi imekuwa gari la maofisa, polisi, teksi na wenye kampuni huko Japani. Mark X ilizaliwa Novemba 2004 kurithi Mark II, jina lililokuwa sokoni tangu 1968. Kizazi cha kwanza cha Mark X ndicho mafundi wanakiita GRX120. Cha pili, GRX130, kilitoka Oktoba 2009 na kuendelea hadi Desemba 2019, uzalishaji ulipofungwa moja kwa moja.

Crown zinazofika kwetu zimegawanyika katika vizazi vitatu. Kuna iliyotoka Desemba 2003, inayojulikana kama Zero Crown. Ikafuata ya Februari 2008, kisha ya Desemba 2012, yenye grili pana mbele. Athlete ni toleo la kimchezo ndani ya familia hiyo. Mwenzake, Royal, limetengenezwa kwa starehe. Jina la Athlete lilikoma mwaka 2018.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba Mark X na Crown za miaka hiyo ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili. Zimejengwa juu ya msingi mmoja, katika kiwanda kimoja cha Motomachi, kwa injini za familia moja ya V6 inayoitwa GR. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni ule ule, milimita 2,850, katika Mark X ya pili na Crown ya mwaka 2008. Zote husukumwa na magurudumu ya nyuma, na zote zina matoleo machache ya magurudumu manne. Tangi la mafuta la zote ni lita 71.

Kwa nini basi yakatengenezwa magari mawili? Sababu ni ya kibiashara. Ndani ya Japani, Toyota ilikuwa na mitandao tofauti ya maduka. Crown iliuzwa kwenye maduka ya Toyota, na Mark X kwenye maduka ya Toyopet. Kila mtandao ulihitaji gari lake la kifahari. Tofauti nyingi zinazotugombanisha Mpanda zilitokana na haja ya kumpa kila muuza duka kitu chake cha kutangaza.

Hoja za wanaoipenda Mark X

Wapenzi wa Mark X wanaanza na bei. Kwa magari ya mwaka mmoja na hali moja, Crown kwa kawaida huwa juu. Wanaongeza kwamba Mark X ni fupi: ya kizazi cha pili ina urefu wa takriban mita 4.73, wakati Athlete ya mwaka 2008 inafika mita 4.87. Sentimita hizo kumi na nne hazionekani barabarani, ila zinaonekana kwenye uchochoro wenye mtaro pande zote mbili.

Hoja yao nzito zaidi ni urahisi wa vifaa vya ndani. Kwenye Mark X, kiyoyozi kina vitufe vyake na redio ina sehemu yake. Redio ikifa, unang'oa na kuweka nyingine, maisha yanaendelea. Viti vya nyuma pia vinakunjwa, kwa hiyo mfuko mrefu au godoro la mwanafunzi anayekwenda bweni linaingia bila kufunga kamba juu. Kwa familia yenye gari moja tu, hilo si dogo.

Udhaifu wake? Kelele za barabara zinaingia ndani zaidi kuliko kwenye Crown, na nafasi ya miguu nyuma si ya kujivunia. Lakini tatizo kubwa ni historia ya mikono iliyoishika. Mark X nyingi zimepitia kwa vijana waliolishusha gari, wakabadilisha ekzosi, wakaweka rimu kubwa, kisha wakaliuza siku ya kwanza lilipoanza kumisi. Gari lenyewe halina kosa, lakini anayelipa ni mnunuzi anayefuata.

Hoja za wanaoipenda Crown

Crown ilitengenezwa kwa mtu anayekaa nyuma akisoma gazeti. Hata katika toleo la Athlete, ambalo shokapu zake ni ngumu zaidi, ukimya wa ndani ni wa daraja jingine. Ukitoka Mpanda alfajiri kwenda Dodoma kwa kikao, utafika ukiwa bado na nguvu za kuongea. Anayesafiri mara nyingi ataiona thamani hiyo. Anayezunguka mjini hataiona kabisa.

Heshima nayo ina soko. Mfanyabiashara anayekwenda kukutana na wanunuzi wa mazao anajua kwamba Crown inamtambulisha kabla hajafungua mdomo. Mchambuzi anaweza kulicheka hilo, lakini biashara ya Katavi bado inaendeshwa kwa kuaminiana, na watu hutazama.

Gharama ya heshima hiyo imefichwa kwenye umeme. Matoleo mengi ya Athlete yana shokapu zinazoongozwa kwa kompyuta, ambazo hurekebisha ugumu wake kadiri ya barabara. Zikiwa nzima, ni raha. Zikianza kuvuja, bei ya moja halisi inaweza kumfanya mwenye gari aweke za kawaida, na gari likabaki na taa ya onyo isiyozimika. Crown ya mwaka 2012 kuendelea ina skrini mbili katikati. Ya chini ndiyo inayoongoza kiyoyozi kwa kugusa, na maandishi yake ni ya Kijapani. Skrini hiyo ikifa mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, utasafiri madirisha yakiwa wazi na vumbi lote la Mpanda likiwa mgeni wako.

Kuna pia Crown ya mseto, yenye injini ya lita 2.5 ya silinda nne pamoja na mota ya umeme. Kipimo rasmi cha Japani kiliipa kilomita 23.2 kwa lita, na namba hiyo imewavuta wengi. Wasichoambiwa ni kwamba betri yake kubwa iko nyuma ya kiti cha nyuma na hupozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Hewa hiyo ikiwa na vumbi jekundu, feni huziba polepole, betri hupata joto, na umri wake hufupika. Mjini penye mafundi wa mseto, feni husafishwa na seli mbovu hubadilishwa. Mpanda, gari kama hilo mara nyingi litasubiri fundi kutoka mbali au kupakiwa. Kwa sasa Crown ya mseto si gari la Magamba.

Ugomvi wa kweli uko kwenye injini

Hapa ndipo mabishano ya vijiweni yalipaswa kuanzia. Mtu anaposema "Mark X inakula oili", kwa kawaida anazungumzia injini moja: 4GR-FSE ya lita 2.5. Injini hiyo hiyo imo kwenye Crown Athlete ya lita 2.5. Aliyekimbia Mark X kwa sababu ya oili akanunua Crown ya 2.5 amehama chumba ndani ya nyumba ileile.

Tatizo lake linaeleweka ukijua mafuta yanapoingilia. Katika injini za zamani, nozeli hurashia petroli nyuma ya valvu za kuingiza hewa, na petroli hiyo huziosha kila mzunguko. 4GR-FSE hurashia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hilo huongeza nguvu na kupunguza matumizi, lakini valvu haziogeshwi tena. Mvuke wa oili unaorudi kutoka chini ya injini hutua juu yake, huungua na kuganda kuwa masizi magumu. Masizi yakikusanyika, hewa haipiti sawasawa, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inayumba na injini inamisi asubuhi. Ringi za pistoni nazo hunata, na oili huanza kupungua bila tone kuonekana chini.

Yanayoharakisha ugonjwa huo yote yapo Mpanda. La kwanza ni safari fupi: kutoka Magamba kwenda mjini, kusimama, kurudi, injini haijapata joto lake kamili. La pili ni oili nzito. Injini hii inataka oili nyepesi kama 5W-30, lakini dukani kinachopatikana haraka na kwa bei nafuu ni SAE 40, na fundi asiyeijua injini hii atakwambia nzito ndiyo nzuri kwa gari lililotembea. La tatu ni kuchelewesha sevisi hadi fedha za mavuno ziingie. La nne ni petroli ya kwenye madumu. Pampu ya presha na nozeli za injini hii zina matundu membamba mno, na maji kidogo au mchanga laini kutoka kwenye dumu huanza kuziharibu siku hiyo hiyo, hata kama dalili zitachelewa.

Injini ya lita 3.5, yaani 2GR-FSE, ina tabia tofauti. Imefungwa nozeli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa. Zile za njia ya hewa zinaendelea kuosha valvu, kwa hiyo masizi ni machache. Ipo kwenye Crown Athlete ya 3.5 tangu Oktoba 2005, na kwenye Mark X ya kizazi cha pili, ambako ilitoa nguvu farasi 318. Kwa kudumu, ndiyo injini bora katika familia hii, na wanaoiogopa kwa sababu ya ukubwa wake hawajauliza swali sahihi. Swali sahihi ni kama wanaweza kuilisha. Toyota iliipangia petroli ya oktani ya juu, wakati 2.5 ya Mark X ya pili ilirekebishwa ili ikubali petroli ya kawaida ya Japani, nguvu zikashuka kutoka farasi 215 za kizazi cha kwanza hadi 203.

Tuweke hesabu ya kukadiria. Kwenye lami, ukiendesha kistaarabu, 2.5 inaweza kukupa kilomita 10 kwa lita, na 3.5 kilomita 8. Safari ya Tabora ya kwenda tu itakula lita 34 kwa ya kwanza na lita 42 au 43 kwa ya pili. Anayekwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi atatumia lita 34 zaidi kwenye 3.5. Lita ikiwa Sh3,000, ni kama Sh102,000 kila mwezi. Kumbuka pia kwamba bei kikomo ya EWURA inayotangazwa kila mwezi huwa juu katika miji iliyo mbali na bandari za kupokelea mafuta, na Mpanda ni mbali na zote. Fedha hizo si za kufilisi mtu, lakini zinadaiwa kila mwezi, na kipato cha wengi Katavi hakiji kila mwezi.

Kuna 3.0 pia, ya 3GR-FSE, kwenye Mark X ya kwanza na Crown za enzi hizo. Inarashia ndani ya silinda tu kama ndogo yake, na inakunywa karibu kama kubwa yake. Sioni sababu ya kuinunua.

Kodi haitazami nembo

Wengi huamini kwamba 3.5 hutozwa asilimia kubwa zaidi ya kodi kuliko 2.5. Si hivyo. Kwa mfumo uliozoeleka wa gari lililotumika, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa hufuata ukubwa wa injini, lakini ngazi ya juu ya asilimia 10 huanzia juu ya cc 2,000. Mark X na Crown zote, 2.5, 3.0 na 3.5, zimo kwenye ngazi hiyo hiyo. Kinachotofautisha ni thamani ambayo TRA imeipa kila toleo, na thamani hiyo inatoka kwenye mfumo wao. Bei uliyoelewana na muuzaji wa Japani haibadilishi kitu. Punguzo ulilopata mnadani haliingii kwenye kodi.

Kinachouma ni umri. Gari la miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Juu ya yote huja VAT ya asilimia 18. Ukikokotoa, gari ambalo TRA imelipa thamani ya milioni 10 litatozwa kama milioni 6.2 likiwa changa, milioni 8.4 likiwa katika umri wa kati, na milioni 10.6 likivuka miaka kumi, kabla ya tozo ndogo ndogo za reli, forodha na usajili. Yaani gari kuukuu hulipiwa kodi kuzidi thamani yake.

Kwa kuwa Mark X ya mwisho ni ya 2019 na Athlete ya mwisho ni ya 2018, kila mwaka unaopita unayasukuma magari haya yote kwenye ngazi ya adhabu. Anayesubiri bei ishuke huko Japani anapaswa kuangalia kama kodi haitapanda upande huu na kula faida yote.

Ndiyo maana wengi hununua lililokwisha kuingia nchini. Hapo mtego ni namba. Mtu anaona namba E kwenye bampa anasema gari ni jipya. Herufi hiyo inaeleza lini gari lilisajiliwa Tanzania. Mark X ya 2005 inaweza kabisa kuvaa namba E. Mwaka wa kutengenezwa umo kwenye kadi ya gari na kwenye namba ya chasisi. Kwa linaloagizwa, omba karatasi ya mnada wa Japani: daraja la R au RA lina maana gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa, na kilomita zilizoandikwa humo ndizo za kulinganisha na zinazosomeka kwenye dashibodi.

Ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, na badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa Sh40 kwa lita. Mabadiliko hayo yalimpa nafuu mwenye gari linalokaa nyumbani na kumwongezea mzigo mwenye gari linalokunywa. Anayenunua 3.5 analipa kodi hiyo kila anapoingia kituoni.

Barabara za Magamba zina kura yao

Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, na chini ya bampa yana nafasi ya kama sentimita 15 au pungufu. Lami ya Tabora haitayasumbua. Kwenye njia ya Sumbawanga kupitia Sitalike, nguvu farasi 318 hazina kazi pale wanyama wa Hifadhi ya Katavi wanapovuka na viboko wa Mto Katuma wako jirani. Vijijini kikomo ni 50, trafiki ana tochi, na kosa moja ni Sh30,000. Sehemu kubwa ya nguvu unazolipia hutaitumia.

Shida inaanza mita chache kutoka kwenye lami. Mvua za Katavi huanza Novemba na kukoma Aprili. Katika miezi hiyo mitaa ya vumbi hukatwa na mifereji, na barabara za mashambani huacha matuta ya udongo katikati ya njia za matairi ya malori. Hapo ndipo sampo inapokwaruzwa na kinga ya plastiki ya chini inapong'oka.

Wengi hujibu kwa kuweka spesa ili kulinyanyua gari. Dawa hiyo ina madhara yake. Ukilinyanyua kupita kiasi, pembe za mikono ya mbele hubadilika, bushi na boljointi huchoka mapema, na matairi huliwa upande mmoja. Kinga ya chuma chini ya sampo ingesaidia zaidi, na ingekugharimu kidogo.

Jambo la rimu ni la maana kuliko watu wanavyolichukulia. Mark X ya 2.5 ya kawaida ilitoka kiwandani na matairi ya 215/60 ya inchi 16, yenye unene wa kutosha kumeza shimo. Athlete nyingi zilitoka na 225/45 ya inchi 18, ambazo ukingo wake ni mwembamba. Shimo moja kali usiku linaweza kupinda rimu na kupasua tairi kwa pamoja. Inchi 18 zinapendeza kwenye picha. Inchi 16 ndizo zinazofika.

Kuhusu spea, undugu wa magari haya ni msaada. Plagi, pampu ya maji, nozeli na sehemu nyingi za injini na miguu huchangiana. Maduka ya Mpanda yamejaa vitu vya IST, Noah, Probox na Canter; vya GR huagizwa Dar es Salaam, mara nyingi Gerezani au Ilala, na kuja kwa basi. Kwa taa, bampa na vioo, Mark X ina nafuu kwa sababu ziko nyingi barabarani na za kukatwa ni nyingi. Taa ya Crown unaweza kuisubiri.

Wanaosema usinunue lolote kati ya haya

Kundi hili lisipuuzwe. Linasema kwa fedha hizo nunua Harrier au RAV4, ukae juu. Kwa anayekwenda shambani Mwamkulu au Kakese kila wiki, au anayeteremka Karema ziwani kufuata samaki, wana haki kabisa. Gari la chini kwenye njia hizo wakati wa masika litaishia kuvutwa na trekta.

Wengine hupendekeza Wajerumani, hasa BMW ya mfululizo wa 3 na Mercedes C-Class, kwa sababu zikizeeka Japani bei hushuka sana. Katika uendeshaji zinaishinda Mark X, sibishi. Ila BMW nyingi za kizazi kilichotoka 2005 zilikuja na matairi yanayoweza kutembea bila upepo, kwa hiyo hazina tairi la akiba. Katikati ya msitu wa Koga, ambako vijiji viko mbalimbali, hilo si la kujaribu. Na mashine ya kusoma kompyuta ya BMW ikikosekana Mpanda siku unayoihitaji, gari litakuwa pambo.

Ukaguzi wa saa moja

Uamuzi wa nembo ukishafanyika, gari lenyewe ndilo la kuchunguzwa, na 4GR hujieleza haraka kwa anayejua kutazama. Fika asubuhi kabla halijawashwa, na mwambie muuzaji mapema asilipashe joto. Gusa boneti. Kama ni ya moto, kuna kitu anaficha. Washa, sikiliza sailensa: ikitetemeka kwa dakika chache na mshale ukipanda na kushuka, masizi yapo. Ingiza kidole ndani ya mdomo wa ekzosi. Unga mkavu mweusi ni wa kawaida. Masizi mazito yanayonata ni oili inayoungua.

Acha lisimame likiwa limewashwa dakika kumi, kisha likanyagwe ghafla huku wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, ondoka au shusha bei kwa gharama ya kufungua injini. Chomoa kijiti cha oili, uangalie kiwango na rangi, kisha muulize fundi wake ni oili gani alimwekea mara ya mwisho. Jibu likiwa SAE 40, umeshapata nusu ya historia. Tazama chini ya sampo kama kuna makovu, na mbele ya injini kama kuna unyevu wa oili. Kama injini ilibadilishwa, namba yake ilingane na kadi. Mwisho, hakikisha gari halina faini za trafiki zilizolala na kwamba umiliki utahamishwa TRA kwa jina lako kabla fedha yote haijatoka.

Mizani

Anayeishi karibu na lami, anayeendesha mwenyewe, na ambaye fedha zake huja kwa msimu, achukue Mark X ya kizazi cha pili, ya 2.5, ya mwaka 2012 au baada ya hapo, yenye rimu za inchi 16. Hatari ya oili ipo, lakini inadhibitika kwa oili nyepesi kila kilomita 5,000, petroli ya kituo tu, na safari ndefu mara moja moja ili injini ipate joto. Akikosa iliyotunzwa, asubiri. Mark X ya bei ya kutupwa huwa na sababu yake.

Anayesafiri Tabora, Dodoma au Dar es Salaam mara kwa mara, mwenye kipato cha kila mwezi na abiria wa kuheshimu, achukue Crown Athlete ya 3.5 ya kizazi cha 2008. Mafuta yatakwenda zaidi, lakini injini ni imara zaidi, na vifaa vya umeme bado havijafika kwenye fujo ya skrini mbili. Mark X ya 3.5 nayo ni chaguo halali kwa anayetaka injini hiyo bila urefu wa Crown, ila aikague mara mbili, kwa kuwa hiyo ndiyo vijana wanaipenda kuliko zote.

Crown ya 2.5 ndiyo nisiyoweza kuitetea. Ina udhaifu wote wa injini ya Mark X na gharama zote za mwili wa Crown. Anayeipata kwa bei ya Mark X anaweza kujaribu. Kwa bei yake ya kawaida, hapana.

Na wewe ambaye kuanzia Novemba gari lako litapita kwenye tope kila siku, acha zote mbili, tafuta la juu.